Mtoto wa miaka mitatu naye ni mgeni wa jiji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kwamba kumpeleka mtoto ambaye hajaanza darasa la kwanza kutembea Dar es Salaam ni kutupa hela, kwa sababu hatakumbuka kitu, na kwamba mzazi asubiri watoto wafike walau darasa la tano. Nimemsoma kwa heshima, ila sikubaliani naye hata kidogo.

Mimi ni fundi cherehani, nafanyia kazi karibu na Soko la Majengo hapa Dodoma. Mimi na mke wangu tumejaliwa watoto watatu: binti wa miaka saba, kijana wa miaka mitano, na kitinda mimba wa miaka mitatu. Likizo ya Juni tulishuka nao Dar es Salaam. Hatukwenda msibani wala harusini, na hatukuwa na mgonjwa. Tulikwenda kutembea tu. Nalisema hili wazi kwa sababu watu wengi wa huku bara Dar es Salaam tunaijua kwa misiba, kwa rufaa ya hospitali ya Muhimbili na kwa mizigo ya soko la Kariakoo. Mtoto wa fundi akiwa na bahati ya kufika huko, hufika amebebwa mgongoni mama akikimbizana na shughuli, na jiji halioni.

Kijana wangu wa miaka mitano alipoiona bahari kwa mara ya kwanza, pale Coco Beach jioni, alisimama kimya muda mrefu akiwa amenishika kidole. Kisha akauliza: "Baba, maji yote haya nani anayalipia?" Mtaani kwetu yeye anayajua maji kwenye dumu la lita 20. Anajua yana bei, na anajua mama yake hukasirika yakimwagika. Nikamwambia haya hayalipiwi. Akainama, akachota kwa kiganja, akaonja, akatema, akasema yameharibika. Mpaka leo ananiuliza nani aliyetia chumvi, na samaki wanakunywa nini. Dada yake ameanza kumjibu kwa kitabu chake cha shule. Msomaji mwenzangu anasema mtoto hatakumbuka. Huenda jina la ufukwe atalisahau, lakini maswali yale ameshaanza kuyauliza, na darasa la tano bado liko mbali.

Ninachokubaliana naye ni kimoja: safari ya watoto wadogo isiyopangwa ni mateso kwa wote, na wengi wanaorudi wakilalamika walipanga safari ya watu wazima kisha wakawabeba watoto juu yake. Kwa hiyo naomba nieleze sisi tulivyopanga, halafu niseme yaliyotukwamisha, maana hayo hayakuwa mikononi mwetu.

Kwanza usafiri. Tangu treni ya SGR, yaani ya reli ya kisasa, ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwezi Julai 2024, safari iliyokuwa ikila siku nzima ndani ya basi imekuwa ya saa tatu na nusu, nne hivi. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa wakati inaanza ilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima, mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake, na wa chini ya miaka minne bure. Nusu nauli hiyo ndiyo iliyoiwezesha familia yetu. Lakini zaidi ya nauli, mle ndani kuna choo, mtoto anaweza kusimama, anaweza kutembea kidogo kati ya viti, na mama hana haja ya kumwomba dereva asimamishe gari porini. Yale mahandaki ya Kilosa ni starehe tosha kwa mtoto: kila giza lilipoingia dirishani, behewa zima lilisikia watoto wangu wakipiga kelele, na abiria wenzetu, Mungu awabariki, wakapiga nao. Tulichukua treni ya asubuhi makusudi, ili watoto wawe wamelala usiku wao mzima nyumbani. Kata tiketi mapema, wakati wa likizo nafasi hujaa.

Majira nayo tuliyapima. Desemba watoto wako nyumbani, lakini joto la Dar es Salaam mwezi huo ni kali mno kwa mtoto aliyezoea upepo wa Dodoma. Machi hadi Mei ni masika. Juni jua limepoa na mvua zimekwisha. Ila tulihakikisha tunarudi kabla ya Maonesho ya Sabasaba, ambayo huanza mwishoni mwa Juni. Maonesho ni mazuri, sina neno nayo, lakini mwenye watoto wa umri huu ataona migongo ya watu tu.

Suala gumu kuliko yote lilikuwa la kulala, na hapa najua nitawaudhi baadhi ya wasomaji. Desturi yetu ukienda Dar unafikia kwa ndugu. Dada yangu anaishi Chamazi, pembezoni mwa jiji, na angetupokea kwa mikono miwili. Lakini ukilala Chamazi na unataka watoto waone mjini, watakaa kwenye foleni asubuhi, na jioni watakaa tena, na mtoto wa miaka mitatu aliyekaa kwenye daladala lililojaa hana tena nguvu ya kutazama kitu. Nikampigia dada simu mwezi mzima kabla, nikamweleza polepole kwamba siku ya mwisho yote ni yake, tutashinda kwake, tutakula kwake, watoto watalala kwake. Alinuna, kisha akaelewa. Siku nyingine tulilala nyumba ya wageni karibu na mtaa wa Gerezani, mjini, tukitembea kwa miguu au kwa mabasi ya mwendokasi baada ya saa nne asubuhi, wafanyakazi wakiwa wameshaingia kazini na mabasi yamepungua watu.

Kabla ya kuipata nyumba hiyo, nyingine mbili zilitukataa. Moja ilitaka tuchukue vyumba viwili, watoto walale peke yao, kwa maelezo kwamba chumba ni cha watu wawili. Nikamuuliza yule kijana wa mapokezi: mtoto wa miaka mitatu akiamka usiku anataka maji, amwite nani? Akasema ndiyo utaratibu. Natamani wenye nyumba za wageni wasome barua hii. Godoro moja la kutandika chini, mkalitoza bei yake halali, mngepata familia nyingi sana ambazo sasa hivi haziji.

Kwa kuwa kazi yangu ni kushona, niliwashonea mashati matatu ya kitambaa kimoja, rangi ya chungwa kali inayoonekana kutoka mbali. Ndani ya kola ya kila shati nikadarizi kwa uzi mweusi namba yangu ya simu na ya mama yao. Nimeweka ndani na si nje, kwa sababu namba ya nje husomwa na kila apitaye. Nikawafundisha wiki nzima kabla ya safari: ukiona hatupo, simama hapo hapo ulipo, usitutafute, mwite mama yeyote mwenye mtoto au askari aliyevaa sare, mgeuzie kola. Kitinda mimba alilipenda zoezi hilo hata akawa anawageuzia kola wateja wangu. Asiyekuwa fundi anaweza kuandika kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye lebo ya nguo. Sokoni Kariakoo sikuwapeleka, hata wakiwa na mashati yao.

Mpango wetu wa siku ulikuwa jambo moja asubuhi, mchana kurudi kulala, na jioni baharini. Jambo moja tu. Nawaomba wazazi walizingatie hili kuliko mengine yote. Watu wazima hupenda kusema "kwa kuwa tumeshafika hapa, tupitie na pale", na hapo ndipo mtoto anapoanza kulia.

Asubuhi ya kwanza tulikwenda Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, nyumba iliyofunguliwa mwaka 1940. Mwanzo nilidhani watoto watapenda magari ya Mwalimu Nyerere, na kijana kweli aliyazunguka hadi tukamvuta. Lakini binti wa miaka saba alisimama kwenye habari za fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lile ambalo Mary Leakey alilivumbua bonde la Oldupai mwaka 1959, lenye umri wa miaka milioni moja na laki saba na zaidi. Binti yangu yuko kwenye umri wa kung'oka meno, mbele ana pengo. Yeye hakuuliza miaka mingapi, aliuliza meno. Mbona haya magego makubwa hivi? Mama mmoja aliyekuwa akitembeza wageni akamsikia, akaja, akachuchumaa hadi macho yao yakalingana, akamwambia kiumbe huyo alitafuna vyakula vigumu, mimea migumu, ndiyo maana magego yake mapana kuliko yetu. Binti akafungua mdomo amwonyeshe yake, na yule mama akayatazama kwa makini, moja baada ya jingine, akamwambia yanaota vizuri. Haikuchukua hata dakika tano. Sijui jina lake, ila namshukuru kupitia gazeti hili, na natamani kila anayetembeza wageni nchini afunzwe kuchuchumaa vile. Tulipotoka tukaingia Bustani ya Botania jirani hapo, watoto wakakimbia chini ya miti hadi wakachoka, tukarudi kulala.

Siku nyingine ilikuwa Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, penye nyumba za asili za makabila mbalimbali. Kwa watoto wadogo naona hapa ndipo pazuri kupita pote, kwa sababu unaingia ndani ya nyumba, unagusa ukuta, unainama mlangoni. Watoto wetu waliingia ndani ya msonge wa Kihaya, nyumba ya mviringo, wakapotelea gizani, wakatoka wakicheka. Walipofika kwenye tembe yenye paa la udongo, kijana akasema kwa sauti, "Hii ya babu!" Babu yao yuko Mvumi, huku kwetu Dodoma, na tembe yake ya zamani bado imesimama, sasa ni ya kuku. Mtoto wa Kigogo kusafiri hadi Dar es Salaam akakuta nyumba inayofanana na ya babu yake inatunzwa na watu wanakuja kuitazama: jambo hilo lilinigusa mimi zaidi kuliko yeye.

Sanamu ya Askari pale Posta, iliyosimamishwa mwaka 1927, tulipita tu, magari ni mengi na hapana pa kusimama na watoto. Kivuko cha Kigamboni hatukupita tu: tulivuka, tukashuka, tukanunua madafu, tukavuka tena kurudi, na nauli yake haifiki hata bei ya soda. Mtoto wa bara akisimama kwenye pantoni akaona meli kubwa ikiingia bandarini karibu kiasi hicho, huhitaji kumlipia bembea.

Kuhusu bahari yenyewe nataka niwaonye wenzangu wa bara, kwa sababu hili watu wa pwani wanalijua tangu utotoni hawaoni haja ya kulisema. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele karibu saa moja kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Ufukwe uliouona jana jioni mtulivu, una vidimbwi vya kuchezea mtoto, kesho kutwa muda ule ule unaweza kuukuta maji yamefika ukutani. Muulize mvuvi au muuza mihogo: leo maji yanajaa saa ngapi? Watakujibu bila kusita. Wavishe watoto viatu vya yeboyebo, miamba inakata. Na usiingie majini huku simu iko mkononi.

Sasa yaliyotukwamisha. Lililo kubwa ni choo. Ndugu Mhariri, ningeomba siku moja uwatume waandishi wako watembee katikati ya jiji wakiwa na mtoto wa miaka mitatu aliyekunywa juisi. Vyoo vya kulipia vipo, lakini hakuna kibao kinachoelekeza viko wapi, na ukivipata, tundu ni la mtu mzima na bomba la kunawia liko juu ya kichwa cha mtoto. Katika jengo moja la huduma, linaloingiza watu wengi kila siku, mke wangu alitafuta mahali pa kumbadilishia mtoto nguo akakosa. Ikabidi mimi na binti mkubwa tushike khanga, yeye pembe moja kwa mikono iliyoinuliwa juu kabisa, mimi pembe nyingine nimepiga magoti ili ilingane, na mama yao nyuma yake amemlaza mtoto kwenye benchi. Watu wanapita. Binti aliniambia mikono inamuuma, lakini hakuishusha. Meza moja ya mbao iliyopigwa ukutani na ndoo ya maji vingetosha.

La pili ni la hatari, na kwa sababu hilo hasa ndilo nimeshika kalamu. Tulikuwa tumewaahidi watoto kwenda kisiwa cha Mbudya, ambacho pamoja na Bongoyo na visiwa jirani ni hifadhi tangu mwaka 1975. Tukafika Kunduchi asubuhi, watoto na ndoo zao za plastiki. Boti ya kwanza tuliyoongea nayo ilikuwa na jaketi za kuokolea maisha, nyingi na safi, zote za watu wazima. Nikachukua moja nikamvisha kitinda mimba, nikaifunga mikanda yote hadi mwisho, kisha nikaishika mabegani nikaivuta juu taratibu. Ikatoka. Mtoto akabaki chini amesimama, jaketi imebaki mkononi mwangu. Nahodha akasema, mzee, utampakata tu, safari yenyewe fupi. Boti ya pili hali ilikuwa ile ile. Tukawaambia watoto hatuendi. Walilia, hasa kijana, na sikuwa na la kuwaambia zaidi ya kwamba siku nyingine tutaenda.

Nimeshona nguo za watoto miaka mingi. Nguo ya mtoto si nguo ya baba iliyopunguzwa. Mtoto wa miaka mitatu kichwa chake ni kikubwa kulinganisha na mwili, shingo fupi, mabega hayajajitokeza, tumbo liko mbele. Ukichukua vipimo vya mtu mzima ukavigawa kwa mbili, shati halipiti kichwani na kiuno hakikai. Jaketi ya kuokolea maisha vivyo hivyo: ya mtoto ina kola ya kuinua kichwa juu ya maji na mkanda unaopita katikati ya miguu ili isichomoke. Haitengenezwi kwa kukaza mkanda wa ile ya baba. Nawaomba wenye boti wa Kunduchi na Msasani, na wale wanaotoa leseni zao, waweke sharti la jaketi za watoto kadiri ya idadi ya watoto wanaopakiwa. Na wazazi, tafadhali msikubali kuambiwa mpakate. Nahodha mwenye boti nzuri akiona familia ya tatu imegeuka na hela yake mfukoni, atakwenda kununua.

Tunahimizwa kila mwaka tufanye utalii wa ndani, na picha tunazoonyeshwa ni za simba na Mlima Kilimanjaro. Ni vitu vya fahari. Lakini familia ya fundi, ya mwalimu, ya mama lishe, safari yake ya kwanza inayowezekana ni jiji, kwa treni, kwa siku chache, na watoto wakiwa bado wadogo wanaolipa nusu nauli au hawalipi kabisa. Ukisubiri wafike darasa la tano kama msomaji mwenzangu anavyoshauri, watatu wote watalipa, kuna masomo ya ziada, kuna mitihani, na mkubwa hataki tena kushikwa mkono. Huu ndio wakati wetu. Wanaopanga mambo ya jiji wanaweza kutusaidia kwa vitu vidogo sana: kibao cha choo, bomba moja la chini, benchi penye kivuli, na ngazi ya kupanda mbele ya kabati za makumbusho, kwa sababu vitu vingi vimewekwa kwa kimo cha mtu mzima, na mimi nilitumia sehemu kubwa ya asubuhi ile nikinyanyua watoto kwa zamu.

Kama yupo msomaji wa Kunduchi, Msasani au kwingineko anayejua boti yenye jaketi za watoto wa kuanzia kilo kumi na tano, naomba aliandikie gazeti hili ili na wengine wajue. Sisi tumeanza kuweka akiba ya Juni ijayo, na kijana ameshaniuliza mara kadhaa kama ile boti imepata jaketi yake.

Baba wa watoto watatu,
Fundi cherehani,
Majengo, Dodoma.